Mpishi Aliyenawa Mara Saba

Nilimjua kwa sabuni kabla sijamjua kwa sura. Temeke wakati ule ilikuwa nyumba chache na mikorosho mingi, nami nilikuwa nimejenga tanuri langu la mikate uani, nina jirani mmoja tu wa karibu, tena kahamia juzijuzi. Kila siku saa kumi na moja jioni nikawa nasikia baiskeli inaegemezwa kwake, kisha maji yanamwagika, kisha harufu ya sabuni ya mche inanijia mpaka kwenye unga.

"Huyu ama ni dobi, ama ana jambo," nikamwambia mke wangu.

"Ana jambo," akasema. Yeye alishapata habari zote bombani.

Alikuwa mpishi kwa Wazungu wa Oyster Bay. Jina lake silitaji, maana ana binti na wajukuu, na isitoshe mtaani hakuna aliyelitumia. Sie tulimwita Mpishi, naye aliniita Bwana Mikate. Kwao wapi na baba yake nani sikumuuliza. Mie mwenyewe nilikuja mjini kutoka Kusini na shuka moja, nikabeba magunia bandarini mpaka nikajifunza kuoka, na sipendi kuchimbwa. Shule niliishia darasa la pili. Wengi walioishia la kumi wamekula mikate yangu na hawakuniuliza cheti.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bwana wake huko Oyster Bay hakuweza kuianza siku bila nyama ya nguruwe kwenye kikaango, na wa kumkaangia alikuwa Mpishi, Mwislamu anayeswali vipindi vyote vitano. Kazi ni kazi. Lakini kabla hajakanyaga kizingiti cha nyumba yake alisimama kwenye pipa la maji uani, hapo ambapo bado hapakuwa na uzio, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko mara saba. Mara ya kwanza kwa udongo mwekundu aliouweka ndani ya kopo, nyingine kwa maji na sabuni. Alihesabu kwa sauti, na mtu akimsalimia katikati alianza upya. Wanawake watundu wakitoka bombani walimngoja afike tano, ndipo waseme, "Hujambo, Mpishi?" Yeye hakukasirika. Aliitikia, akachota udongo tena, akaanza na moja.

Kila aliyepita chuoni kwa mwalimu kusoma Kurani anajua kunawa mara saba na udongo kunaondoa nini. Basi mtu huyu kila jioni alisimama hadharani akawaambia watu wote kwamba leo tena ameshika nguruwe. Kumbe hapohapo mtaani kulikuwa na boi mwingine wa Uzunguni, mnene, mcheshi, ambaye wenzake walijua kwamba masalio ya kikaango anayala mwenyewe. Huyo alirudi nyumbani akavaa kanzu, akakaa kwenye sinia na watu, akala kwa mkono uleule. Hakuna aliyemtilia shaka. Aliyenawa ndiye aliyeonekana mchafu.

Nami nasema hivi leo. Wakati ule nilikuwa miongoni mwao.

Mpishi mwenyewe alilijua hilo, na lilimfanya mtu wa wasiwasi. Jioni akija barazani kunywa kahawa alikuja na kikombe chake mfukoni. Muuza kahawa akimpa kikombe alitikisa kichwa, akatoa chake, akakifuta, akakinga. Hakutaka mtu baada yake ashike kikombe akajiuliza. Alikaa mwisho wa benchi, na katikati ya mazungumzo, hata kama anazungumza mwalimu wa chuo, aliinua pua.

"Mnasikia kitu kinaungua?"

"Hakuna kinachoungua, Mpishi."

"Kuna kitu."

"Moyo wako," boi mnene alimwambia siku moja, watu wakacheka. Mpishi naye akacheka, kisha akaenda nyumbani kutazama jiko. Lilikuwa limezimwa tangu adhuhuri.

Lakini mtu huyuhuyu mwoga wa kikombe alikuwa jasiri wa sufuria. Katika vita vya pili alipelekwa Burma na jeshi, na huko, katika kambi moja, akafanya urafiki na mpishi wa Wamarekani. Mmarekani mweusi, alisema, mweusi kama wewe Bwana Mikate, lakini ukimsemesha Kiswahili anacheka tu. Hawakuwa na lugha. Mmoja alionyesha kwa mkono, mwingine akafuata. Huyo ndiye aliyemfundisha chakula alichokipenda kuliko vyote, mkate mrefu uliopasuliwa, ndani soseji, juu yake nyama ya kusaga iliyopikwa na maharage na pilipili mpaka ikawa nzito. Wamarekani wana jina lao, lakini ndani yake mna mbwa, mnyama ambaye Mpishi hakutaka kumweka karibu na chakula, kwa hiyo alikiita mkate wa soseji.

"Vyakula vyote ninavyojua nimefundishwa na mabwana na mabibi," aliniambia. "Hiki nimefundishwa na mwenzangu."

Ndivyo tulivyoanza urafiki. Alikuja kuniagiza boflo ndogo, nyembamba, urefu wa kiganja na nusu, laini pembeni. Nikamwambia mkate ni mkate. Nikamwokea. Akazipokea, akaziminya, akanirudishia.

"Hizi utampiga nazo mwizi," akasema.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliongeza samli kwenye unga, nikazipanga zikigusana ndani ya trei ili pembeni zisikauke, zikatoka kama alivyotaka. Hakusema ahsante. Alisema, "Sasa umeelewa." Kwa mtu kama mie, hiyo ni zaidi ya ahsante.

Soseji alizitengeneza nyumbani kwa mkono wake, siku za Jumapili akiwa na nafasi, maana za dukani hakuziamini. Na hapa wasiwasi wake ulizidi. Hakwenda kununua nyama peke yake. Alinigongea alfajiri, "Njoo unione nikinunua," tukaenda pamoja mpaka Buguruni, akanisimamisha mbele ya mchinjaji. "Huyu amechinja nani?" "Mie." "Umesoma kisomo chake?" "Nimesoma." "Bwana Mikate, umesikia?" Nimesikia. Mchinjaji alituchukia wote wawili.

Kisha uani kwake aliuosha utumbo wa mbuzi. Aliugeuza ndani nje kwa kijiti, akausugua kwa chumvi na ndimu, akaupuliza ujae hewa aone kama una tundu, akauosha tena. Nyama ya ng'ombe aliipitisha kwenye mashine ya mkono aliyoinunua mnadani Mzungu mmoja alipoondoka, na tangu aipate mashine ile haikuwahi kugusa nyama nyingine, aliniapia. Akachanganya na kitunguu saumu na pilipili manga, akaishindilia ndani ya utumbo kwa faneli ya bati, akafunga kwa uzi kila shibri. Akazichoma kwa sindano zisipasuke, akazichemsha kidogo, akaziweka juu ya makaa.

Rojo ndilo lililomtoa jasho. Kitunguu kilikaangwa mpaka kikawa kahawia, ikafuata bizari nyembamba, nyama ya kusaga, nyanya, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, na mwisho pilipili mbuzi, ambazo alizihesabu kama anavyohesabu kunawa. Alisimama juu ya sufuria bila kugeuka. Ukimsemesha alikujibu akitazama rojo. "Nikigeuka tu linashika chini," alisema, na nadhani hakuwa anasema habari za sufuria peke yake.

Akimaliza alipasua boflo zangu, akaweka soseji, akamwagia rojo. Mbili za kwanza alizifunika kwa sahani, akaniletea mlangoni.

Sasa niandike nisichokisema miaka mingi.

Sikuzila.

Nilimwona akinunua. Nilisikia mchinjaji akijibu. Niliushika ule utumbo kwa vidole vyangu akiniambia nitazame kama una tundu. Mkate ulikuwa wangu mwenyewe. Lakini alipoondoka mlangoni nilimwona tena akilini, kwenye pipa na kopo la udongo, nikaisukuma sahani kando. Mke wangu naye aliitazama sahani kana kwamba nayo inamtazama. Nikazichukua nikazitupa tanurini, kwenye makaa, zikawa zinanukia nyumba nzima, harufu nzuri ya kumtia mtu wazimu, nami nimekaa na njaa yangu naitazama.

Jioni nilimrudishia sahani, imeoshwa.

"Zilikuwaje?"

"Nzuri."

Hivyo ikaenda. Jumapili hii, Jumapili ile, miaka mitatu au minne. Mwalimu wa chuo naye alipelekewa mara moja, akasema amefunga. Ilikuwa Jumapili, na sijawahi kumjua mtu wa kufunga Jumapili. Wengine walikataa mlangoni kwa maneno matamu. Mie tu ndiye niliyepokea, na mtaa ukasema Bwana Mikate ana moyo mgumu, anakula kwa Mpishi. Nikawaacha waseme. Nilikuwa na hofu mbili, Mpishi ajue sili, na mtaa uamini nakula.

Kisha binti yake akaposwa.

Alikuwa na mtoto huyo mmoja, mama yake alishafariki. Mchumba alitoka kwa watu wa Buguruni, familia ya heshima, wenye maneno machache. Siku mbili kabla ya arusi Mpishi alikuja kwangu mchana, akakaa juu ya gunia la unga, akasimama, akakaa tena.

"Bwana Mikate, nina neno."

"Sema."

"Kuna kitu kinaungua?"

"Hapa ni kwenye tanuri, Mpishi, daima kuna kitu kinaungua. Sema."

"Wazee wameniambia nipumzike. Pilau watapika kina mama wa mtaa. Wanasema baba wa bibi arusi hapiki."

"Ndiyo desturi."

"Si desturi. Yule jamaa wa nyumba ya kona alipomwoza binti yake alichinja mwenyewe, akapika mwenyewe, akapakua mwenyewe, na nyie mkala mkaomba ukoko."

Nikachukua ubao wangu mrefu wa kutolea mikate, nikaufuta unga.

"Nimewaomba kitu kimoja. Wageni wa bwana arusi wakifika, kabla ya pilau, nitoe mkate wa soseji. Wamekubali. Wamekubali haraka mno, sikuipenda haraka yao." Alijisugua mikono. "Wageni hawanijui. Watawatazama watu wa mtaa. Watu wa mtaa wakiweka mikono mapajani, wale watauliza kuna nini, na watajibiwa. Binti yangu ataingia nyumba ya watu na jina hilo. Kila akipika, watanusa."

"Usiwaze hivyo."

"Nawaza hivyo. Ndiyo maana nimekuja kwako. Mtaani humu mtu aliyekula mkono wangu ni wewe peke yako. Nataka ukae mbele, karibu na wageni, nikukabidhi wewe wa kwanza, uanze kula. Wakikuona wewe, watakula."

Nilikuwa bado nimeushika ule ubao. Nikageukia tanuri nitoe mikate ambayo haijaiva, ili asinione uso.

"Nitakaa mbele," nikasema.

Alipotoka nikamwambia mke wangu. Akafikiri.

"Mwambie unaumwa tumbo."

"Niumwe tumbo siku ya arusi, kabla ya kula chakula chake? Si ndiyo nitammaliza kabisa?"

"Basi kula."

"Wewe utakula?"

"Mie nitakuwa kwenye pilau," akasema, akaenda zake bombani.

Siku mbili zile sikulala vizuri. Nilioka boflo mia moja na ishirini, na kila niliyoiweka kwenye trei niliitazama kama hakimu. Mara mbili nilikwenda mpaka mlangoni kwake nimwambie ukweli, atafute mtu mwingine, na mara mbili nilimkuta ameinamia utumbo, anaupuliza mashavu yamejaa, akaniashiria kwa jicho kwamba anashukuru nimekuja kumwona. Nikarudi.

Siku ikafika. Turubai limefungwa, majamvi yametandikwa, wageni wa Buguruni wamekaa na kanzu zao nyeupe, mjomba wa bwana arusi katikati na fimbo yake. Nikakaa mbele kama nilivyoahidi. Kulia kwangu alikaa boi mnene.

"Bwana Mikate," akaninong'oneza, "leo umepatikana."

"Nyamaza."

"Mie nimekula nyumbani. Watu wote wamekula nyumbani. Na wewe?"

Mpishi akatoka ndani na sinia kubwa kichwani, akaliteremsha, moshi unapanda. Akachukua sahani ya kwanza, akaiweka mbele yangu, si mbele ya mjomba, na mjomba akaliona hilo. Kisha akarudi nyuma, akasimama mlangoni.

"Hiki nini?" mjomba akauliza.

Watu wa mtaa wote wakanitazama mie, na mikono yao yote ilikuwa mapajani, kama alivyosema.

Niliuinua ule mkate. Rojo likanichuruzikia mkononi, la moto. Nikatazama mlangoni. Mpishi alikuwa anajisugua mikono, kiganja juu ya kiganja, mpaka kwenye viwiko, mikono mikavu, na midomo yake inacheza. Nikamsoma midomo. Mbili. Tatu. Mtu ananawa bila maji, mbele ya wakwe zake, na hajui kwamba ananawa. Akafika tano, na nikajua wazi kwamba akifika saba nami sijala, mjomba atageuza kichwa amwone, kisha atauliza, na boi mnene atamjibu.

Nikauma.

Kwanza sikusikia ladha, nilisikia hofu yangu ikishuka kooni. Halafu soseji ikapasuka menoni, mafuta na kitunguu saumu, na mkate wangu chini yake laini kama alivyotaka, na juu ya vyote ikaja ile pilipili. Ikanishika pua, ikanishika masikio. Machozi yakanitoka. Nikakohoa mbele ya wageni wa heshima, mzee mzima.

"Mpishi," nikasema kwa sauti, maana sikuweza kunong'ona, "pilipili umezidisha."

Mjomba akaangua kicheko. Wageni wakacheka. Mie nikamaliza ule mkate, nikafuta macho kwa mkono wa kanzu, na kabla sijafikiri mkono wangu ukaenda kwenye sinia kuchukua wa pili. Nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sababu ya miaka mitatu na zaidi, na Jumapili zote zile, na lile tanuri.

"Kumbe mnatuficha," mjomba akasema, akachukua. Watu wake wakachukua. Mwalimu wa chuo alikula nusu, nusu akaifunga kwenye leso, ya nyumbani. Boi mnene alikula minne, juu ya alichokula kwake. Wapo waliosimama wakaenda kuangalia pilau imefikia wapi, siwezi kusema mtaa mzima uligeuka siku moja. Lakini kutoka ndani bibi arusi alituma shangazi yake aje kuchukua mmoja, kabla haijaisha, na shangazi akabeba miwili.

Mpishi hakukaa. Alizunguka na sinia, amekaza uso, mpaka wa mwisho ulipokwisha, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta ameketi karibu na pipa. Hakuwa ananawa. Alikuwa amekaa tu.

Baada ya hapo sahani ziliendelea kuja, nami nikala zote. Mke wangu alichelewa kidogo, akaanza na mkate uliolowa rojo, akasema anaonja tu. Kikombe mfukoni Mpishi hakukiacha. Harufu ya kuungua nayo aliisikia vilevile.

Miaka michache baadaye bwana wake alirudi kwao, na mkwewe akamwita wakakae wote Goba, ambako amepata shamba. Siku ya kuondoka mizigo ilikuwa imefungwa, baiskeli imeegemezwa, mashine ya nyama imeviringishwa ndani ya gunia. Jiko peke yake lilikuwa bado chini. Alikuwa ametengeneza mkate wa mwisho, mmoja tu, akaniletea sahani uani kwangu, akakaa kwenye kigoda. Nywele zilishakuwa nyeupe.

Nikaona nikiacha leo sitasema tena.

"Mpishi," nikamwambia, "zile za kwanza, kabla ya arusi, sikuzila. Hata moja. Nilizitupa tanurini."

Alitazama tanuri, kisha akatazama viatu vyake.

"Nilijua tangu sahani ya pili," akasema. "Mtu akila, hurudisha sahani na neno. Chumvi imepungua, nyama imekauka, kitunguu kibichi. Wewe ulikuwa unaniambia nzuri. Kila Jumapili, nzuri. Bwana Mikate, tangu nikujue hujawahi kusema kitu cha mtu mwingine ni kizuri."

"Na ukaendelea kuniletea?"

"Ningeacha, ungejua kwamba nimejua. Asubuhi tungesalimiana vipi?"

"Na siku ya arusi? Ulinikalisha mbele ukijua sijawahi kula?"

"Nilikuwa na nani mwingine?" akasema. "Wenzako walikataa mlangoni. Wewe angalau ulikuwa unapokea."

Nikachukua mkate, nikauma. Yeye akaniangalia mdomo kama alivyokuwa akiangalia sufuria. Nikatafuna mpaka mwisho.

"Chumvi imepungua," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kweli."

Akanyoosha mkono, yeye wa kikombe chake mwenyewe, akamega kipande palepale nilipouma, akala.

"Imepungua," akasema.